Mtungi wa Periyanayaki

Fundi Nagalingam aligonga jiwe mara tatu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kwenye bega la sanamu, akagonga tena. Kisha akamgeukia kuhani.

"Mzee, humu hamna mtu."

"Najua hamna," Sabesan akajibu. "Nimemtoa asubuhi. Kazi yangu nimemaliza, fanya yako."

"Sisemi ya asubuhi." Nagalingam akapangusa mikono kwenye shuka lake. "Jiwe lililotolewa mwenyewe leo huwa na ubichi fulani. Ukiligonga linanung'unika. Mimi nimenyanyua miungu thelathini na saba tangu nimrithi marehemu babangu, na hakuna hata mmoja aliyelia hivi. Huyu hakuondoka leo. Hii ni nyumba iliyohamwa zamani."

Sabesan akamwambia aache maneno mengi, mafundi wote wa ukoo wake walikuwa na maneno mengi. Alisema hivyo kwa sauti ya kuhani. Lakini jambo lile alikuwa analijua tangu alfajiri na alikuwa ameamua kutomwambia mtu.

Hekalu likizeeka, huwezi kulitengeneza huku mwenyewe yumo ndani. Utamgongea nyundo kichwani? Kwanza unatandaza mpunga sakafuni, unaweka juu yake mtungi wa shaba uliojaa maji yenye iliki na kafuri, unafunga uzi kutoka kwenye sanamu hadi kwenye mtungi, unasoma yanayosomwa, na uhai wa mungu unatoka kwenye jiwe, unapita kwenye uzi, unaingia majini. Mtungi unafunikwa majani ya mwembe na nazi, unawekwa kwenye kibanda cha makuti uani, na humo unaimbiwa na kulishwa kama ilivyokuwa sanamu. Mafundi wakimaliza, siku ya kutawazwa maji yanamwagwa juu ya mnara na juu ya sanamu, mwenyewe anarudi nyumbani. Pale kijijini Kuruvimangalam kazi hiyo ilikuwa haijafanyika kwa miaka hamsini na miwili, na mara ya mwisho aliifanya baba yake Sabesan.

Sasa asubuhi ile Sabesan alikuwa na mitungi miwili. Wa mungu Shiva ulikwenda vizuri mpaka akaogopa. Uzi ulikaza, maji yakatetemeka, na alipounyanyua mtungi ulikuwa mzito kama jiwe. Akaja chumbani kwa Mama, mungu wa kike Periyanayaki, mkewe Shiva. Akasoma mara moja. Uzi ukabaki umelegea. Akasoma mara ya pili, ya tatu, jasho linamtiririka machoni. Mtungi ulikuwa mwepesi vilevile. Nje ngoma na zumari ndefu za nagaswaram vilikuwa vinamngoja. Basi akaufunika, akauzungushia hariri nyekundu, akatoka nao akijifanya umemlemea. Alidanganya kijiji kizima kwa mgongo wake.

Chumba chenyewe kilikuwa kimemtisha tangu utoto, sema alizoea. Jengo kubwa la Shiva lilijengwa na malkia mjane wa ukoo wa kifalme wa Wachola, miaka elfu iliyopita, akaondoa matofali na kuweka jiwe tupu, jiwe juu ya jiwe bila chokaa, uzito wenyewe ndio unaoyashika. Sabesan alijifunza kusoma kwa kufuata kwa kidole maandishi yaliyochongwa kwenye msingi: fulani katoa kondoo tisini na sita ili samli yao iwashe taa moja maadamu jua na mwezi vipo. Chumba cha Mama kiliongezwa miaka mia mbili baadaye, mlango unaangalia kusini, hakina dirisha, na mnara ulio juu yake ni mtupu ndani kama ule wa Shiva. Ukisema neno kwa Shiva, sauti inapanda kwenye ule utupu, inakaa kidogo, inakurudia. Kwa Mama haikurudi. Mwaka baada ya mwaka Sabesan alimwimbia, sauti ikapanda na kupotelea huko juu. Na kila mchana, alipokuwa anafunga, moto wa taa ulikuwa ukiinama kuelekea ndani, hapana upepo, hapana tundu. Alikuwa akivuta mlango haraka na kuondoka bila kugeuka.

Adhuhuri akafunga milango yote akaenda kula. Nyumba ya makuhani ilikuwa ng'ambo ya barabara, na humo alibaki yeye na dada yake mkubwa tu, Dharmambal. Mke wa Sabesan alikuwa amefariki, watoto wako Chennai na kompyuta zao.

Dharmambal alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja na hakuolewa. Si kwamba wachumba hawakuja. Familia tatu zilikuja kumwangalia enzi zake, zikakaa kwenye mkeka, zikala vitumbua na halua. Na mara zote tatu, msichana alipotoka na sinia la kahawa, mama wa bwana harusi aliinuka mahali pake, mtu mzima na mvi zake, akamwangukia miguuni. Kisha akashtuka, akakusanya watu wake, wakaondoka bila kuaga. Nani atamwoza mwanawe kwa binti ambaye mama mkwe anamsujudia? Ikaishia hapo. Akawa dada wa kuhani, mwenye ulimi mkali na chumvi ambayo kila mwanamke wa mtaani alikuja kuazima. Chumbani kwa Mama hakuingia kamwe. Alifika kwenye mlingoti wa bendera, akapiga magoti, akarudi.

Alimwekea wali wa mtindi na achari ya ndimu. Sabesan akautazama tu.

"Unaungoja ukuzungumzishe?" Dharmambal akauliza.

"Sina njaa, dada."

"Tangu lini? Wewe hata kwenye kilio cha mkeo ulikula."

Hapo akamwambia. Hakukusudia, lakini alipoanza hakuweza kusimama: uzi uliolegea, mtungi mwepesi, maneno ya fundi. Siku tisa zimebaki na hana Mama wa kumrudisha. Dharmambal akaweka upawa chini taratibu.

"Mimi ndiye niliyemnywa," akasema.

Sabesan akacheka. Akacheka peke yake.

"Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ameshaipeleka mitungi kibandani, jua la mwezi wa Vaikasi linapasua vichwa, wote mmelala. Nikaingia mle kibandani kwa sababu kulikuwa na kivuli. Yale maji yalikuwa yananukia, Sabesan. Iliki. Nikasema nionje tu. Nikatoa nazi, nikaonja, nikanywa mpaka chini. Nilipoona mtungi mtupu nikaujaza maji ya kisima, nikarudisha nazi."

"Na baba akayamwaga."

"Mbele ya watu wote. Nilikuwa nimekaa mabegani mwa mjomba, naangalia."

"Baba hakujua?"

"Angejua ningekuwa hai? Hakujua. Sikumwambia yeyote. Ningesemaje? Baba, samahani, nimemnywa Mama?"

Sabesan alipandwa na hasira ambayo hakujua anayo. Maisha yake yote. Kila alfajiri, baridi au mvua, kuosha, kupaka manjano, kuvalisha sari, kuimba. Alikuwa anauvalisha ukuta. "Miaka hamsini na miwili," akasema. "Wanawake wanatembea kutoka Aduthurai kwa miguu wana homa, wanamlilia. Wanamlilia nani?"

"Wengine walipata walichokitaka."

"Walipata walipopitia hapa kukuazima chumvi!"

Dharmambal akachota tonge, akaliweka kizingitini kwa kunguru. Kunguru alitua kwenye kizingiti, akala tonge lake, akaruka.

"Ikoje?" Sabesan akauliza mwishowe, kwa upole.

"Sijawahi kuwa peke yangu. Hata chooni." Alitabasamu kidogo. "Sijaumwa hata mafua. Sijaota ndoto. Lakini mchana, mkishafunga, ile nyumba inaniita. Haina sauti. Inanivuta hapa." Akagusa kitovu. "Inajua nani anadaiwa kukaa ndani yake. Ndiyo maana siwezi kupita mlingoti. Nikikaribia naona kama kila jiwe limegeuka kuniangalia."

Sabesan akanawa mkono bila kula. Alishajua atakachosema, na alijua kwamba dada yake anajua. "Nitamtoa kwako. Kama ninavyomtoa kwenye jiwe. Uzi ni uzi."

"Kitabu gani kimesema hivyo?"

"Hakuna."

"Na nikishatolewa, atabaki nani?" Hakuuliza kwa kuogofya. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani atabaki nyumbani. "Tangu nina miaka tisa sijui mimi naishia wapi na yeye anaanzia wapi. Labda sipo, Sabesan. Labda aliyekulea ukiwa mdogo ni yeye, na anayekupikia ni yeye."

Sabesan akapangusa mkono aliounawa. Alimpenda dada yake kuliko alivyowahi kumwambia. Na alikuwa kuhani, mwana wa kuhani, vizazi ishirini na vingapi, na Mama alikuwa nje ya nyumba yake.

"Usiniangalie hivyo," Dharmambal akasema. "Nitakuja kesho. Nimechoka kuitwa."

Siku ya pili, adhuhuri, Sabesan alimtuma Nagalingam na watu wake wakale na kulala. Jua lilikuwa limeunguza ua mpaka mawe hayakanyagiki. Dharmambal alikuja amevaa sari safi ya kijani, nywele zimefungwa, akasimama kwenye mlingoti. Kisha akaupita. Sabesan alimwona akitembea ukumbini kati ya nguzo, mkono mmoja mbele, kama mtu anayepita majini. Ndani, moto wa taa ulikuwa umelala kabisa upande, umenyooshea kidole ndani. Alipovuka kizingiti, ukasimama wima.

"Hapa pana baridi," Dharmambal akasema.

Sauti yake ikapanda kwenye mnara mtupu, ikakaa, ikarudi. *Pana baridi.* Sabesan akatazama juu gizani. Miaka yote ile hakuwahi kusikia chumba kile kikijibu.

"Haraka," akasema dada yake. "Kabla sijakimbia."

Akamkalisha chini ya sanamu, akamfunga uzi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akauzungusha kwenye shingo ya mtungi uliokuwa juu ya mpunga. Akashika nyasi takatifu kati ya vidole, akaanza. Hakufika hata katikati. Uzi ukakaza mpaka ukalia. Maji yakatetemeka, mtungi ukaanza kuzama kwenye mpunga, punje zinamwagika pembeni, unazama kana kwamba kuna anayeukalia. Dharmambal hakupiga kelele. Alimwangalia mdogo wake kwa uso aliomjua nao maisha yake yote, na uso ule ukawa unaondoka machoni pake, kidogo kidogo, mpaka hapakuwa na kitu. Uzi ukalegea.

Sabesan akaufunika mtungi kwa nazi. Hilo lazima lisemwe. Alifurahi. Mama yumo, alikuwa anauhisi uzito wake mpaka kwenye meno.

"Dada," akasema. "Yamekwisha."

Mwanamke aliyekuwa chini akainua kichwa. Alijikunyata, akavuta magoti kifuani kama watoto wanavyokaa, na alipoona mkono wake una uzi, midomo ikaanza kumcheza.

"Baba," akasema. "Ulisema hutanifunga tena."

Ilikuwa sauti nyembamba. Ilikuwa ya mtoto.

"Mimi si baba. Mimi Sabesan. Mdogo wako."

"Sabesan amelala kwenye machela. Ni mdogo." Alianza kuuvuta uzi kwa kucha. "Ulisema mara moja tu, Baba. Ukaona nazi imegeuka, ukanileta humu, ukanifunga, nikaona giza. Ukalia. Ukasema kumbe wewe hupo, mwanangu, kumbe hupo tena. Ukaninywesha yote, ukasema nisiseme. Sikusema. Hata Dharmu mkubwa, yule anayekaa na mimi humu ndani, sikumwambia. Nifungue. Giza linakuja tena."

Sabesan alikaa chini kwenye mpunga. Basi baba alijua. Aliona nazi imerudishwa vibaya, akamfunga binti yake humu humu, akamvuta Mama akamrudisha kwenye mtungi, na alipomwona aliyebaki, akamrudishia. Kisha akapanda mnarani na maji ya kisima mbele ya kijiji kizima. Akaishi miaka ishirini na miwili baada ya hapo akiivalisha nyumba tupu, hainui macho. Sabesan alikuwa amefikiri ile ni heshima.

Mtoto yule, kama ndivyo aitwe, mtoto mwenye mvi na mikono yenye mishipa, alikuwa ameshika ncha ya shuka lake. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vilizidi kuwa baridi. Macho yake yalikuwa yanapoteza mwanga, na alikuwa anahema harakaharaka kama anayekimbia. Hakukuwa na muda wa kufikiri vizuri. Kibanda kilikuwa hatua thelathini. Sanamu ilikuwa juu yao, na Sabesan alijua kwa hakika kwamba inaangalia mtungi.

Alimchukia baba yake kwa sababu hakumwambia. Akawafikiria wanawake wa Aduthurai. Akamfikiria yule malkia mjane, na kondoo, na taa maadamu jua na mwezi vipo.

"Baba, nifungue."

Akatoa nazi. "Nisamehe," akamwambia Mama, "au usinisamehe, ni juu yako." Alijaribu kuunyanyua mtungi ukakataa kwa uzito, akaukumbatia, akauinamisha magotini. Dada yake akanywa. Akakohoa, akageuza uso, Sabesan akamshika kidevu kama anayemnywesha mgonjwa dawa, akamwambia kunywa, Dharmu, kunywa mpaka chini. Alikunywa mpaka chini. Mtungi ukawa mwepesi mikononi mwake.

Muda ulipita. Kisha mkono wa joto ukamkamata kifundo.

"Umefanya nini?" Dharmambal akauliza. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, au ile aliyoijua kuwa yake.

"Alichofanya baba."

Alichukua muda kuelewa. Alipoelewa akampiga kofi begani, si kwa nguvu, akasema, "Wajinga nyie wawili. Wajinga kabisa," akajifunika uso kwa sari akalia. Kisha akainuka, akatoka, akakanyaga ua wa moto bila viatu. Alipopita mlingoti Sabesan alijaribu kuita jina lake. Sauti ikapanda mnarani, haikurudi.

Kazi ikaendelea. Nagalingam akainyanyua sanamu, akaweka bamba jipya la dari, akaziba nyufa kwa mabaki ya mawe yaleyale ya kale. Siku ya tisa, asubuhi, alimkuta Sabesan chini ya ngazi za mianzi akiwa na mtungi begani.

"Nimeligonga tena, mzee," akasema.

"Na?"

Fundi alimtazama machoni, akautazama mtungi, akautazama tena uso wake. "Na mimi ni mtu wa mawe tu," akasema, akamshikia ngazi.

Uani walikuwa watu maelfu. Sabesan akapanda mpaka kileleni, kwenye vikombe vya shaba vya juu ya mnara wa Mama, akatazama angani kama wote walivyokuwa wanatazama, maana bila mwewe kuzunguka siku ile haihesabiwi. Mwewe akaja. Kelele zikapanda. Akazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuzunguka juu ya mnara. Alizunguka juu ya watu, upande wa wanawake, mahali pamoja, chini kabisa. Watu wakasema mwaka huu kapita chini, ni baraka kubwa. Sabesan aliona alipokuwa anapazunguka. Aliona sari ya kijani.

Akamwaga maji ya kisima. Yakateremka kwenye miungu midogo ya mnara, kwenye migongo ya simba, na yaliyobaki akayarusha kwa watu waliokuwa wamenyoosha mikono wakililia tone moja. Chini kule Dharmambal alisukumwa, akalowa uso kama wengine, akajipangusa.

Kesho yake alfajiri Sabesan alifungua mlango wa kusini. Akawasha taa, akaosha jiwe, akalipaka manjano, akalivalisha sari mpya. Kisha akaacha mlango wazi nyuma yake, kitu ambacho makuhani wa pale hawakifanyi, akaanza wimbo wa kumwamsha Mama. Akauimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote, ili uvuke barabara umfikie jikoni.